Sketi ya Shanga Iliyopotelea Mezani kwa Helena

Agatha alifungua kitenge pale pale mezani, katikati ya vikombe vya chai na mabakuli ya supu, ili wenzake waione sketi ya marehemu mama yake. Ndani hamkuwa na sketi. Mlikuwa na ngozi ya mbuzi, kuukuu, imekunjwa vizuri kama shuka ya hospitali.

"Hii nini?" akauliza.

Mwenye mgahawa akatuma mtu polisi.

Inspekta Oliva alipofika, supu ilikuwa imeshaganda mafuta juu. Mgahawa wa Helena uko nyuma ya soko la Mbulu, chumba kimoja chenye meza nne, na asubuhi za baridi kila mtu hugombea ile iliyo karibu na jiko. Ila Jumamosi hakuna anayeigombea. Ni ya wajane watatu, Agatha, Restituta na Verediana, wanaoimba kwaya moja na kunywa chai pamoja: supu ya kongoro, chapati za moto, chai ya maziwa yenye tangawizi, na habari za watu kidogo.

"Ni sketi ya namna gani, mama?"

"Ya ngozi, imejaa shanga. Mama yangu aliishona akiwa msichana, zamani zile walipofungiwa ndani kufundwa. Mjukuu wangu anaolewa, nataka aivae."

"Uliifunga mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu, kwenye kitenge cha kwaya. Nikatia kikapuni, kikapu nikakiweka chini ya benchi."

"Uliondoka mezani?"

"Kunawa tu, kule nje kwenye pipa. Mimi na Restituta."

Restituta, mwanamke mnene wa sauti ya juu, hakungoja kuulizwa. "Mimi nimeona, afande. Narudi hivi, namkuta Jenifa amekishika kikapu."

Jenifa ndiye aliyewahudumia. Alisimama kando ya jiko, aproni ina unga, mikono ameifumbata.

"Nilikisogeza nifagie," akasema. Kisha akakumbuka, akapiga goti. "Shikamoo afande."

"Marahaba. Ulikifungua?"

"Sikufungua. Hawa mama nawaamkia kila Jumamosi, napiga goti kwa kila mmoja. Nitawaibiaje?"

"Goti si ushahidi," Agatha akasema.

Oliva akamgeukia yule wa tatu. Verediana alikuwa mwembamba, mtulivu, kijiko bado kimo kwenye uji wake.

"Wewe ulibaki mezani, mama. Uliona nini?"

"Nilikuwa nakunywa uji. Chini sikuangalia."

Walipekua jikoni, stoo, hadi kwenye gunia la mkaa. Vikapu vya wajane hakuna aliyefikiria kuvigusa. Sketi haikuonekana. Agatha hakutaka kusikia lingine: aliyeshika kikapu akamatwe. Helena, mwenye mgahawa, alimfuata Oliva mpaka mlangoni akijifuta mikono.

"Afande, mji huu mdogo. Huyu binti akilala mahabusu, hata akitoka, nani atamwajiri tena? Hata mimi wateja watanisema."

"Asipokuwa yeye, nitajua," Oliva akajibu.

Alilijibu hilo haraka, na njia nzima kwenda kituoni, Jenifa akiwa kiti cha nyuma, likamsumbua.

Kituoni alikitandaza kielelezo, kile kitenge kilichofungiwa ngozi, juu ya meza na kumwita Agatha akitazame vizuri.

"Kitenge hiki ni chako?"

"Ndicho. Ni sare ya..." Agatha akakigeuza pindo moja, akageuza la pili. "Changu kina doa la chai hapa. Hiki hakina doa."

"Nani ana kitenge kama hiki?"

"Kwaya nzima."

"Jenifa anaimba kwaya?"

"Haimbi."

"Na nani alijua kwamba leo utakuja na sketi?"

"Niliwapigia simu wenzangu wawili. Basi."

Kwa hiyo kifurushi cha pili kiliandaliwa nyumbani kwa mtu, kikaja mezani kimeshafungwa. Mwizi hakuhitaji kufungua kitu, alibadilisha tu. Oliva alimweleza mkuu wa kituo hivyo. Mkuu akasikiliza, akasema mlalamikaji bado amekaza, binti abaki mpaka sketi ipatikane.

Restituta alihojiwa kwanza, maana huwauzia watalii shanga.

"Afande, nauza bangili za plastiki," akasema. "Mzungu akiona sketi ile kwangu, mpaka Arusha watajua. Mimi kufunga mdomo siwezi, muulize yeyote."

Hilo Oliva aliliamini.

Ikabaki ngozi. Aliinama akainusa. Haikunuka moshi wa jikoni. Ulikuwa moshi mwingine, mkali na mtamu kidogo, na Oliva aliujua tangu utotoni: kijinga cha moto hutiwa ndani ya kibuyu, kibuyu kikatikiswa, maziwa yasiharibike. Ngozi hii ilikaa miaka mingi mahali vinapofukizwa vibuyu. Mjini Mbulu maziwa huja kwenye ndoo na chupa za plastiki.

Jumapili asubuhi alikwenda kwa Helena, akaagiza chai na chapati moja.

"Kwako hapa kuna maziwa ya kibuyu?"

Helena akacheka. "Hapa? Labda ya Vere. Kila Jumamosi anakuja na kakibuyu kake, anatia mgando kwenye uji. Wenzake wanamtania: leo tena umetuletea moshi. Anasema kanunua sokoni."

"Sokoni yapo?"

"Miaka yote niliyokaa hapa, sijayaona."

Chapati ikabaki kwenye sahani.

Nyumba ya Verediana, kule Bashay, ilikuwa na kufuli. Jirani yake alikuwa anamwagia kuku mahindi. "Kapanda basi la Katesh jana mchana. Ana wagonjwa wake Gehandu, huenda mara kwa mara."

Oliva alimchukua Agatha ili aitambue mali yake. Gari la polisi likateremka kupitia Dongobesh, baridi ikabaki nyuma, mpaka Mlima Hanang ukawakaa mbele. Njiani Agatha akasema: "Vere? Tumezika pamoja, afande. Tumezika waume zetu pamoja."

Gehandu walielekezwa kwenye boma la marehemu Gidabuday, ng'ombe wachache, nyumba ya udongo. Ndani, kwenye kitanda cha ngozi, alikuwa amelala bibi mkongwe, macho yameingia ukungu. Sketi ilikuwa imetandazwa juu ya magoti yake. Vidole vyake vilitembea juu ya shanga polepole, mstari kwa mstari.

Verediana aliinuka. Hakujaribu kutoka.

"Uliichukua wewe?" Oliva akauliza.

"Niliichukua mimi."

"Kwa nini?"

"Huyu ni mama yangu. Hii sketi aliishona yeye."

"Mwongo," Agatha akasema. "Aliishona mama."

Bibi akageuza uso kwenye sauti. "Chini, upande wa kushoto," akasema taratibu. "Shanga nyeupe ziliniishia. Nikatia za samawati. Mdogo wangu alinicheka sana."

Agatha alichuchumaa, akaitafuta sehemu ile. Samawati ilikuwepo. Maisha yake yote mama yake alimwambia ni pambo.

Verediana akaeleza, macho yake chini. Mama yake alipata mimba kabla ya kuolewa, na miaka ile msichana wa namna hiyo alifukuzwa kwao, asirudi. Wadatoga, wafugaji wa huku bondeni, walimpokea, Gidabuday akamwoa. Sketi ikabaki kwa mdogo wake, mama yake Agatha, naye akaifanya yake.

"Nilipoolewa Bashay nilikutafuta, Agatha. Niliingia kwaya kwa sababu yako. Sasa mama anaondoka, akaomba aishike mara moja. Sikudhani utaifungua pale pale mezani; Jumamosi ijayo ningeirudisha vilevile."

"Si ungeniomba?"

"Ningeombaje? Ningeanza kwa kusema mimi ni mtoto wa nani. Ungeniweka tena kwenye meza yako?"

Agatha alisogea kitandani, akapiga goti, akainamisha kichwa mpaka mkono wa mkongwe ukamfikia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Wewe ni wa mdogo wangu?"

"Mimi ni wake."

Walipotoka nje, Agatha alimwambia Oliva kwamba anafuta malalamiko. Sketi ibaki pale mpaka mwenyewe aichoke.

"Hilo la sketi ni la ukoo wenu," Oliva akasema. Akamgeukia Verediana. "Jana ulikuwa umekaa unakunywa uji, nikamkamata binti wa watu mbele ya macho yako. Ukapanda basi. Ulijua amelala wapi?"

"Nilijua."

"Hilo ni langu. Panda gari."

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika kituoni. Verediana aliandika maelezo, akatia sahihi, na Helena akaitwa aje ashuhudie. Mlango wa mahabusu ukafunguliwa. Jenifa akatoka, unga wa jana ungali kwenye aproni.

"Shikamoo afande. Shikamoo mama Helena. Shikamoo mama Agatha." Goti, goti, goti.

Verediana alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Aliinua kichwa, marahaba iko tayari mdomoni.

Jenifa akampita, akafungua mlango, akatoka nje.