MASHINE YA DADA ILISEMA NINA TEZI DUME

Jamani, jamani!

Mama yuko wodini, mguu umeoza kwa kisukari. Nesi anataka kadi yake, nami nikapekua mkoba wa dada yangu kuitafuta…

Nikakuta vidonge vya sukari.

Nikadhani ni vya mama. Nikasoma bahasha. Jina la dada! Tarehe, wiki iliyopita!

Dada huyu huyu aliyemwambia mama, "Hizo kemikali za hospitali zinakuua, tupa!"

Ngoja niwaeleze yaliyonikuta mwenzenu.

Mimi ni fundi cherehani. Dada yangu mkubwa ana ofisi ya "tiba ya mawimbi". Unashika chuma dakika moja, kompyuta inasoma mwili mzima, unapewa karatasi kumi na mbili za magonjwa yako. Kisha unauziwa matone.

Mama alimeza vidonge miaka tisa, yuko sawa. Alipoanza matone akaacha vidonge. Mwezi wa nne wa matone akapata kidonda unyayoni. Dada akasema, "Sumu inatoka hiyo, mama. Vumilia."

Nilimwamini! Anavaa koti jeupe, anataja seli na mawimbi, ningebisha mimi wa sindano na uzi?

Asubuhi baada ya kukuta vile vidonge nikaenda ofisini kwake. Ufunguo ninao, mapazia yote nilishona mimi. Nikawasha mashine.

Kabla ya chuma, inauliza umri, jinsia, uzito. Nikasita. Mbona inaniuliza, si inasoma mwili?

Nikaandika: mwanamume, miaka sitini na mbili.

Nikashika chuma. Karatasi zikatoka…

"Tezi dume imevimba."

Weee! Mimi, mama wa watoto watatu!

Nikakifunga chuma kwenye kitambaa kibichi, nikakiacha peke yake mezani. Kitambaa nacho kikakutwa na ini lililochoka. Nilicheka mpaka nikajikuta nalia.

Mlango ukafunguliwa. Dada.

"Unafanya nini hapa?"

Nikamtupia bahasha ya vidonge mezani.

"Hivi ni vya nani?"

Akaigeuza bahasha, jina lake likaangalia chini.

"Dada, nakuuliza! Una sukari tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na matone yako?"

"Usipandishe sauti, wateja watasikia."

"Kwa nini wewe unameza vidonge?!"

Akakaa. Kwa mara ya kwanza nikamwona bila mbwembwe.

"Kwa sababu naogopa kufa."

"Na mama je?!"

Akaanza kuokota zile karatasi zangu sakafuni, akazipanga vizuri kwa namba za kurasa. Jamani, damu yangu! Ziwa moja tulinyonya!

Nikakimbilia hospitali. Daktari alikuwa ametoka kumfunga mama bendeji. Mguu wameuokoa, vidole vitatu hapana.

Nikamweleza mama yote. Nikasubiri amlaani dada.

Mama akanitazama tu.

"Dada yako namjua tangu anaota meno, maneno mengi. Alinibembeleza mara tatu, nikakataa."

"Sasa ilikuwaje, mama?"

"Niliona video yako."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wewe huwa hudanganyi," akasema. "Nikasema kama ni huyu, basi ni kweli."

Ndiyo. Ile video… Kichwa kilinisumbua mwaka mzima, nikanywa matone ya dada, kikapona. Akaniomba ushuhuda, nikautoa kwa moyo mmoja, nikamshukuru na Mungu.

Nilichosahau kusema ni kwamba wiki ile ile nilianza kuvaa miwani. Mwaka mzima nilikuwa nakodolea tundu la sindano macho yakiuma! Mbele ya kamera nikaivua, nionekane mrembo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo ndiyo kazi yangu, nikamtafuta mdudu kwa dada, kumbe na kwangu yumo.

Ndugu zangu, futi yangu ya kupimia nguo ikikupima vibaya, gauni litakubana mbele ya watu na nitaumbuka. Ndiyo maana naiamini, inaweza kunionyesha nimekosea. Mashine ya dada haikuwahi kumwambia mtu "wewe mzima, nenda nyumbani". Mtu akipona ni matone, akizidiwa ni sumu inatoka. Kipimo gani hicho kisichokosea hata siku moja?

Na ushuhuda si kipimo, hata wa mtu mkweli. Mimi sikudanganya. Nilikosea tu, na mama yangu amelipa kwa vidole.

Nimemsihi dada aifute ile video. Amenifungia namba. Bado inazunguka huko kwenye magrupu yenu.

Ukimwona mwanamke wa gauni la njano anatabasamu akisema "nimepona kabisa", usimwamini.

Ni mimi.