Viganja Chini ya Jukwaa

Rafiki yangu ni fundi rangi, na si mtu wa kutia chumvi. Ndiyo maana sikupenda alivyonisimulia haya huku kaficha mkono mfukoni.

Sekondari moja ilimwita asafishe ukuta ulio chini ya jukwaa la uwanja wao, kabla ya sherehe za miaka hamsini. Wazazi waliolijenga walibonyeza viganja vyao ukutani humo siku ya ufunguzi, saruji ikiwa mbichi. Mlinzi mzee alimfungulia mlango, ila yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti.

"Ingia tu, fundi. Mimi nipo hapa hapa."

Ilikuwa saa sita mchana, lakini ndani giza totoro. Akawa anasugua kwa kupapasa, kiganja baada ya kiganja. Mara akasikia miguu ikitwanga jukwaani juu yake, na makofi yakirindima.

"Mzee, kuna watu huko juu?"

"Uwanja mtupu," mlinzi akajibu, haraka mno.

Akagusa kiganja cha mwisho. Hakikuwa na kidole cha pete, kama mkono wake yeye tangu alipokatwa na msumeno mwaka jana. Akauweka pale. Ukaenea sawasawa, na makofi yakakoma.

Alipouondoa, ulikuwa umejaa saruji mbichi.