Uso Uliochorwa Penye Mikate

Mbwa ndiye aliyejua kwanza. Alfajiri moja Hamuera alitoka na ndoo kwenda mtoni, na mbwa mzee wa marehemu kaka yake, Te Haeata, akamjia akitikisa mkia, kisha akalala chali miguuni pake, kama alivyokuwa akimfanyia bwana wake. Mbwa huyo hakuwahi kumpenda Hamuera. Tangu Te Haeata azikwe, miezi mitano nyuma, alikuwa akimbwekea kila siku.

"Leo umemlisha nini huyo?" mkewe Ripeka alimuuliza kutoka mlangoni.

Kidevu cha Hamuera kilikuwa kinamwasha. Alijipangusa, akaona damu kidoleni, akadhani ni wembe.

Te Haeata alikuwa mkubwa wa ukoo na mwenye Matakeo: mashamba ya viazi vitamu, mitego ya mikunga, na katani yote iliyoota kinamasini. Usoni alikuwa na moko, chale zilizochimbwa kwa patasi ya mfupa na kutiwa wino mweusi, na mistari ile haikuwa ya mtu mwingine duniani. Wazungu walipomtaka atie sahihi, aliichora moko yake karatasini, akianzia puani, bila kioo. Hamuera alisomea misheni. Uso wake ulikuwa mtupu.

Siku mbili kabla ya alfajiri ile, Hamuera alikuwa ameitwa dukani kwa Pitiwha, Mzungu aliyenunua katani yetu kwa miaka tisa na sasa alitaka ardhi yenyewe. Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema: mimi, mwenye Matakeo, nimeuza, na hii ndiyo alama yangu. Pitiwha aliahidi nyumba ya mbao yenye madirisha ya vioo, akaongeza kwamba marehemu hatakuja kulalamika. Hamuera aliujua uso wa kaka yake kuliko wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameutazama tangu utotoni. Akauchora. Aliuchora pale pale, juu ya meza ya kukatia nyama, kati ya mikate na kopo la siagi.

Kwetu, kichwa cha mkubwa hakisogezwi karibu na chakula kilichopikwa, na kuichora moko yake ni kukileta kichwa chenyewe. Hata kapu la viazi halipitishwi juu ya mahali alipolala. Kuiba ardhi ni wizi, na wizi una fidia yake. Kukilaza kichwa cha marehemu penye mikate ni jambo ambalo wazee hawakuwahi kulitafutia fidia, kwa sababu hawakudhani kama kuna mtu angelifanya.

Siku iliyofuata ile alfajiri ya mbwa, kulipoanza kupambazuka, Ripeka alisikia mgongano mdogo ndani ya nyumba. Tok. Tok. Tok. Halafu kimya kifupi, kama fundi anayesita kupangusa damu. Kukawa na harufu ya udongo mwekundu na mafuta ya papa, vile alivyopakwa Te Haeata siku ya kuagwa. Ripeka aligeuka akamwona mumewe amelala usingizi mzito, na kichwa chake kikizunguka polepole juu ya mto, kidogo kidogo kuelekea mwangani, kama kichwa ambacho mtu amekishika kidevuni ili aone vizuri anapofanyia kazi, na kila mgongano uliposikika ngozi ya shavu ilifunguka mstari mwembamba, usio na haraka, uliopinda pale pale ulipopaswa kupinda.

Ilikuwa hivyo kwa alfajiri tisa. Majeraha yalipona mchana kutwa, na jioni yalikuwa meusi kama ya miaka thelathini. Midomo ilivimba hadi Ripeka akawa anammiminia uji kwa faneli ya mti, na alikuwa akifanya hivyo siku ya tisa alipoingia Tuhua, mganga aliyemzika Te Haeata. Mzee aliitazama ile faneli kwa muda mrefu. Ndivyo anavyolishwa mtu anayechanjwa moko.

"Nani anakuchanja?" aliuliza.

"Hakuna, Babu."

"Huyo Hakuna ana mkono mzuri. Uso wa kaka yako niliuchanja mimi. Kazi yangu naijua." Alikaa. "Ulimchora wapi?"

"Dukani."

"Dukani mahali gani?"

Hamuera alinong'ona kwamba ilikuwa mezani, penye mikate. Tuhua alivuta blanketi lake akajifunika kichwa mpaka uji ulipopoa.

Alijaribu maji. Alimsimamisha Hamuera mtoni, maji kifuani, akamsomea maneno yote aliyokuwa nayo, na katikati ya maneno hayo wote wawili walisikia tok, tok, karibu mno, ndani ya mfupa, na mto ukanuka mafuta ya papa kutoka ukingo hadi ukingo, na mikunga ikapanda matopeni ikikimbia maji yake yenyewe.

"Simwezi," Tuhua alisema walipotoka. "Hakufuati wewe. Anafuata uso wake, na uso uko kwenye karatasi. Nenda mahakamani ukaseme ulichofanya. Karatasi ichanwe mbele ya watu. Isipochanwa, sijui."

Kesi ilikuwa ya Ngahiraka, mjane wa Te Haeata, aliyeipinga ile karatasi. Yeye na binti zake watatu walikuwa wakilima Matakeo, na hakimu akiikubali ile karatasi wangetolewa kabla ya kupanda. Hamuera alipoingia mahakamani watu walisogea kumpisha. Ngahiraka alimtazama, akainamisha macho kama alivyozoea kufanya mbele ya mumewe, kisha akayainua.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "umekuja na uso wa mume wangu."

Hamuera alisimama akaeleza yote: meza, mikate, ahadi ya madirisha. Mkalimani alitafsiri, naye hakuficha kitu. Hakimu alikuwa mgeni katika nchi yetu, mtu wa adabu. Aliomba karatasi. Akamwita Hamuera karibu, akaweka alama ile kando ya shavu lake, akalinganisha mstari kwa mstari, pua, shavu, kidevu, bila haraka.

Alisema kwamba karatasi inasema mwenye Matakeo ameuza na hii ndiyo alama yake. Mtu huyu ni mdogo wa marehemu, mrithi, na alama anayo. Amekiri kuichora kwa mkono wake.

"Uso huo ulikuwa mtupu wakati wa kuvuna," Ngahiraka alisema. "Wote hawa wanajua."

"Mahakama inatazama kilicho mbele yake, mama. Aliye na karatasi hii ndiye mwenye ardhi."

Karatasi haikuchanwa. Iligongwa muhuri, akapewa Pitiwha, naye aliikunja akaitia mfuko wa ndani wa koti, juu ya kipande cha mkate na jibini alichokuwa hajamaliza. Tuhua aliyaona hayo. Alitoka nje bila kuaga.

Kesho yake Hamuera aliamka jua limeshapanda. Nyumba ilikuwa kimya na haikunuka kitu. Moko ilibaki usoni mwake, na aliishi nayo miaka ishirini na sita bila kukaribia kioo. Mbwa hakuwa mlangoni. Nyayo zake zilielekea barabara ya dukani.

Ngahiraka alikuwa ameamkia huko, kuomba apewe muda wa kutoa mikunga kwenye mitego yake kwa mara ya mwisho. Pitiwha alimfungulia akiwa na shati la kulalia, ameshikilia kitambaa kidevuni, na kitambaa kilikuwa chekundu. Hakumsikiliza. Alimuuliza kwanza, kwa upole ambao hakuwa nao siku zote, kama anamjua fundi aliyekuwa akigonga ndani ya nyumba tangu alfajiri.

Mbwa alimpita mjane, akapanda ngazi akitikisa mkia, akalala chali miguuni pa Pitiwha.