Nukta Nyekundu za Chapuchapu

Kila asubuhi ya likizo, Chapuchapu aliongozana na mama yake mdogo hadi maabara. Jina hilo alibandikwa nyumbani, na wala halikumwonea. Vyombo aliviosha povu likabaki, kitanda alikitandika kandambili ikabaki ndani ya shuka.

Mama mdogo alikuwa mtafiti wa ubongo. Alitafuta njia zinazofika kwenye thalamasi ya panya, yaani kituo cha katikati ya ubongo ambako habari za mwili hupita kabla ya kusambazwa kwingine. Alidunga rangi kwa sindano mahali habari za sharubu zinapoingilia ubongoni, rangi ikatambaa ndani ya mishipa ya fahamu hadi thalamasi. Kisha ubongo ulikatwa vipande vyembamba mno, vikapigwa picha kwa hadubini.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuweka karatasi angavu juu ya kila picha na kutia nukta nyekundu kila palipong'aa. Weee, ilikuwa rahisi kusema tu! Nukta zilikuwa nyingi kama mtama uliomwagika, na shingo ilimkakamaa. Tena panya wote walifanana: nukta zilijikusanya upande wa ndani, basi. Alipobakiza panya mmoja, rafiki yake wa jirani alichungulia dirishani.

"We, tunakungoja! Timu haijatimia."

"Bado panya mmoja."

"Panya si panya tu? Huyo ana nini kipya?"

Maneno hayo yakamwingia. Alichukua karatasi ya panya wa jana, akanakili nukta zote, kisha akatimua mbio uwanjani. Picha yenyewe hakuitupia hata jicho! Mtoto kama huyu utamfanyaje?

Wakati wa mapumziko ya mchezo alirudi kunywa maji. Alimkuta mama mdogo amejishika kichwa.

"Hebu njoo hapa. Nukta hizi uliziona au uliziota?"

"Niliziona," alijibu.

"Jamani, mtoto huyu ataniua kwa presha! Kila siku nasema tazama, tazama, nimekuwa redio mbovu! Panya huyu sindano iliniteleza. Rangi haikuingia mahali pa sharubu, iliingia jirani yake, mahali pa miguu ya mbele. Haya, nukta za sharubu zimetoka wapi?"

Chapuchapu aliitazama picha kwa mara ya kwanza. Upande wa ndani ulikuwa mweusi tii. Mwanga wote ulikuwa upande wa nje, ambako hakutia hata nukta moja. Aibu ikamshika, machozi yakamlengalenga.

"Sikuziona, mama mdogo. Nilinakili za jana, nikaenda kucheza."

"Afadhali umesema." Lakini hasira haikuwa imeisha. "Kesho mkuu wangu anazikagua ramani hizi za nukta. Angeona rangi imeingia huku na nukta ziko kule, asingeamini hata zile ulizochora vizuri. Kazi yangu ya mwaka mzima ingeishia kwenye pipa la taka! Na huyu niliyemkosea sindano ndiye pekee anayetuonyesha njia ya miguu. Panya wa watu amekufa, halafu wewe unamsemea asichokisema."

Chapuchapu alifuta machozi, akachukua karatasi mpya. Rafiki yake akachungulia tena.

"Twende, wanaanza!"

"Chezeni tu. Huyu si kama wengine."

Alichora hadi kelele za uwanjani zikanyamaza. Mama mdogo alizikagua nukta kwa ncha ya kidole, akarudia na karatasi za panya wengine wote, maana aliyedanganya mara moja hukaguliwa mara mbili. Alipofika mwisho aliguna. Kwake yeye, mguno huo ulikuwa sifa kubwa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, safari hii bila ukali. "Ukichora njia usiyoiona, atakayepotea ni yule anayekufuata. Chora ulichokiona. Kama hujaona, sema hujaona, hakuna atakayekula. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama mdogo."

"Haya, twende nyumbani."

Chapuchapu alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama, akatazama nyuma. Kalamu yake ilikuwa wazi juu ya meza. Akarudi, akaifunika.