Mjomba Hawezi Kukuolea

Kijijini kwetu, hapa kisiwani Upolu, msemaji wa ukoo ni Mjomba Tuiasau. Akianza hotuba, kuku hutaga, huatamia na kuangua kabla hajafika katikati. Sisemi uongo. Kuku mmoja wa hotuba hizo nimemla mwenyewe.

Mpwa wake, Petelo, alikuwa hasemi kitu; hata dukani alionyesha kwa kidole anachotaka. Posa yake ilisemwa na mjomba. Mikeka ya heshima, zawadi ya ukoo kwa ukoo, ilitolewa kwa maneno ya mjomba. Basi siku ya harusi, Padre akauliza, "Petelo, umekuja kwa hiari yako, bila kushurutishwa?"

Mjomba akasimama na usinga wake begani. "Ukoo umekubali," akasema, akaanza kutaja mababu.

Padre alivumilia mpaka babu wa sita. "Mzee, sijauliza ukoo."

"Mikeka imetolewa, Padre. Nguruwe wako kwenye mawe ya moto. Kimebaki nini?"

Katekista Aloisio akamsogelea. "Mzee wangu, mikeka ni heshima. Ndoa inafungwa na ridhaa ya hawa wawili. Kila mmoja akubali mwenyewe, kwa hiari: kuwa mwaminifu mpaka kifo, na kupokea watoto. Asiwe na kizuizi, kwa mfano kuwa tayari ana ndoa nyingine. Tena waseme mbele ya Padre na mashahidi wawili. Ukiwasemea wewe, hapa hakuna ndoa."

"Miaka arobaini nawasemea."

"Basi pumzika dakika mbili."

Bibi harusi, Sinalei, akamgeukia Petelo. "Sijawahi kukusikia ukisema unanitaka. Namsikia mjomba tu. Usiponiambia mwenyewe leo, narudi kwa mama."

Petelo akatoka jasho la ndoo mbili. Mjomba akafungua mdomo. Aloisio akamtazama, naye mjomba akaufunga.

"Nimekuja kwa hiari yangu," Petelo akasema. "Hakuna aliyenilazimisha. Nakutaka, Sinalei, tangu uliponicheka nilipotumbukia kwenye mfereji wa magimbi."

"Na mimi nimekuja kwa hiari yangu," akasema Sinalei. "Mfereji niliuona kabla hujatumbukia. Sikukuonya tu."

Wakaapa wenyewe, neno kwa neno. Mashahidi wakaweka sahihi. Nguruwe walikuwa wameungua kidogo, tukawala hivyo hivyo.

Siku hizi, kwenye kila harusi, Mjomba Tuiasau hujaza gimbi mdomoni mpaka maharusi wamalize kusema. Naye Petelo, tangu siku ile, hajanyamaza. Sinalei huja kwangu kupumzisha masikio.