Jino la Nehemiya

Je, wewe ukiambiwa pete hii ni dhahabu, utajuaje? Kama jibu lako ni kuiuma, kaa hapa. Hadithi hii ni yako.

Mjukuu wangu Gaju, mwenye miaka kumi na mitatu, kila asubuhi huteka maji, hufagia ua, kisha hukimbilia shule hapa Kashojwa, kwenye makazi yetu ya wakimbizi Uganda. Alikuwa pia na mbuzi mmoja aliyemkuza tangu akiwa mchanga. Mama yake, Mukarukundo, ni binti yangu. Yeye hukamua ng'ombe wa mfugaji mmoja wa Endiinzi. Tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini, aliiuza pete yake ya ndoa njiani ili tupate chakula. Tangu hapo, kanisani huficha kidole chake chini ya leso.

Gaju aliona. Akamuuza mbuzi wake ili amnunulie mama yake pete nyingine. Nikamwambia, "Usilipe mpaka muuzaji akuandikie karatasi."

Sokoni alikwenda na mjomba wake Nehemiya, mwanangu wa kwanza. Huyo aliwahi kubeba mchanga mgodini Kamituga, miezi mitatu tu, na tangu wakati huo amekuwa profesa wa dhahabu. Mchuuzi aitwaye Kayumba alikuwa ametandika gunia na kupanga pete zinazong'aa kama vifuniko vya soda. Alitoa moja yenye jiwe jekundu.

"Karati kumi na nane hii! Na jiwe ni rubi!"

Nehemiya akaiuma, akatazama alama ya jino, akatikisa kichwa kama daktari. "Ni dhahabu. Sisi tumezaliwa juu yake. Nani atatudanganya?"

"Bibi anataka karatasi," Gaju akasema.

Kayumba akacheka. "Bibi yako anajua kusoma? Haya, nitamwandikia, aifungie ugoro!"

Akaandika kila kitu, mpaka jina lake. Mjinga yule alidhani mkongwe hasomi. Mimi nilifika darasa la tano, na darasa la tano linatosha kumsoma Kayumba.

Mukarukundo aliipokea pete akatabasamu, akaivaa. Kila alfajiri, kabla ya kukamua, aliivua na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Hatukumuuliza kwa nini.

Jumapili ya pili kidole kilikuwa kijani. Nje ya kanisa, Doriane, anayesoma darasa moja na Gaju, akapaza sauti: "Gaju, mama yako amevaa pete au majani ya sombe?" Watoto wakaangua kicheko. Gaju akalia mpaka nyumbani.

"Ni jasho la Uganda," Nehemiya akasema. "Huku jua ni kali mingi."

"Nyamaza," nikamwambia. "Jino lako lirudishe kwenye mahindi."

Nilimchukua Gaju hadi Mbarara, kwa sonara mmoja mwanamke aitwaye Yudita. Aliishika pete kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Nani alisema hii dhahabu?"

"Mjomba aliiuma," Gaju akajibu.

"Aliuma? Basi alikuwa na njaa!" Akaisugua kwenye jiwe jeusi, ikaacha mstari wa manjano. Akadondosha tindikali. Mstari ukatoa povu la kijani, ukapotea. Kando yake akasugua pete yake mwenyewe. Mstari ule haukutikisika.

"Hii shaba, wamepaka rangi. Dhahabu ya kumi na nane huwa na namba 750 ndani, lakini namba pia watu wanaighushi, kwa hiyo unapima." Akampa Gaju lenzi. "Angalia jiwe. Unaona nini?"

"Mapovu madogo madogo."

"Basi ni kioo. Kimetoka kwenye moto wa kiwanda."

Tuliporudi, tulikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akamwita Kayumba.

"Mimi sikusema dhahabu!" Kayumba akafoka. "Nilisema rangi ya dhahabu! Huyu mama mzee anaota."

Nikavaa miwani, nikafungua karatasi, nikasoma taratibu, neno kwa neno: "Pete ya dhahabu, karati kumi na nane, jiwe la rubi. Kayumba." Watu wakaguna. Mwenyekiti alimpa achague: arudishe fedha pale pale au aende polisi. Kayumba alirudisha, na gunia lake hatujaliona tena sokoni.

Jioni niliwakalisha wote, Nehemiya akiwa mbele. "Kuzaliwa karibu na mgodi hakumfanyi mtu sonara," nikawaambia. "Kitu cha thamani kinatafutiwa namba, kinapimwa na fundi, kinaandikwa. Asiyejua aulize. Na mwenye jino, ale."

Nehemiya akainamisha kichwa. Gaju akafuta macho. "Mama, tutarudi kwa Yudita. Nitakununulia ya dhahabu kweli, yenye jiwe kubwa."

Mukarukundo akatazama kidole chake.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema. "Hata ile ya baba yako niliivua kila nilipokwenda kukamua, jiwe lake lilikuwa likimkwaruza ng'ombe. Mimi nilitaka ya fedha, nyembamba, isiyo na jiwe. Nilitaka pete ya kukamulia."