Matundu ya Nyambizi

Kila asubuhi kabla ya kengele, binti aliyeitwa Profesa alisimama kwenye ngazi za darasa la sita akisahihisha makosa ya watu. Jina hilo alijipachika mwenyewe. Wenzake walilitumia kwa kumcheka, naye akalipokea kama taji, maana kujiona ni ugonjwa usiomuuma mgonjwa.

Siku hiyo alikuja amekumbatia chupa ya plastiki iliyopakwa rangi ya kijivu na kufungiwa nati za chuma za kuipa uzito. Ilikuwa nyambizi yake na Kimya, mtoto wa dobi, ambaye Profesa alimwona si lolote si chochote. Mwalimu wa sayansi angechagua kundi moja tu la kwenda kwenye mashindano ya wilaya, na Profesa alikuwa amekwisha kujichagua.

"Umeifanyia nini?" Kimya aliuliza.

"Nimeipendezesha. Ilikuwa haitazamiki! Wewe nyamaza tu, nitaeleza mimi."

Somo lilipoanza, Profesa alisimama mbele ya beseni la maji, akajikohoza kikubwa, akamwaga maneno aliyoyakariri kitabuni. "Nyambizi ina matangi. Yakijaa maji, inakuwa nzito, inazama. Hewa iliyoshindiliwa ikiyasukuma maji nje, inakuwa nyepesi, inaibuka." Hakukosea hata nukta. Kasuku naye hakosei.

Akaiweka chupa majini, akaachia mrija mwembamba wa mpira uliotoka kwenye kifuniko ili hewa itoke. Chupa ikaelea. Akaisukuma chini kwa kidole, ikaruka juu kama bata. Darasa likaangua kicheko. Kwa hasira akaifungia nati tatu zaidi za chuma, ikazama mpaka chini kabisa. Akapuliza ule mpira mpaka macho yakamtoka, lakini chupa haikutikisika.

"Ni huyu!" alifoka, akimnyooshea Kimya kidole. "Yeye ndiye aliyeitengeneza. Mtoto wa kufua nguo atajua nini?"

Mwalimu alimgeukia Kimya. "Kama kazi yako ni ya ovyo hivi, itabidi nikutoe kwenye kundi."

Kimya aliitoa chupa akaigeuza. Pale chini alipokuwa ametoboa matundu manne, aliona nta ya mshumaa imefichwa kwa rangi. Hakuna mwingine aliyeiona isipokuwa Profesa. Kimya alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama nzi aliyeangukia chai yake.

Masikio yalimwaka Profesa. Alikuwa amezoea kudharau, wala hakujua kudharauliwa kunauma kiasi kile, hasa ukiwa umestahili.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Niliziba matundu. Niliona chombo cha chini ya maji kuwa na matundu ni aibu."

"Na hayo maji ya matangi uliyotuhubiria yangepitia wapi?" mwalimu aliuliza.

Kimya aliichokonoa nta kwa kibanio cha nywele, akaondoa zile nati tatu, akairudisha chupa majini. Maji yaliingia kwa matundu, hewa ikatoka mpirani, chupa ikazama polepole.

"Puliza," alimwamuru Profesa.

Profesa alipuliza. Maji yakafukuzwa kupitia matundu yale yale, na nyambizi ikapanda taratibu hadi juu. Hapo ndipo alipoelewa sentensi zake mwenyewe.

"Kundi hili litakwenda wilayani," mwalimu alisema. "Atakayeeleza ni Kimya. Wewe utapuliza, maana pumzi unazo."

Darasa likacheka tena. Mwalimu hakucheka.

"Kukariri si kujua, mwanangu. Kuziba matundu ni kosa dogo, kila anayejifunza hukosea. Kosa kubwa ni kumtwika mwenzako. Umesema kweli, ndiyo maana unakwenda. Lakini umeisema baada ya kumchafua mbele ya watu, basi msafishe mbele ya watu hao hao."

"Nisamehe," Profesa alinong'ona.

"Hatujasikia," mwalimu alisema.

Profesa akainua uso, akamtazama mtoto wa dobi machoni. "Nisamehe, Kimya. Anayejua ni wewe."